Mkasi Uliofichwa Sandukuni

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo kwamba katika karakana ya fundi cherehani mmoja ulitendeka uhalifu wa kutisha, ambao vizazi vijavyo vitausimulia kwa machozi. Gauni la harusi lilikatwa mkono mmoja. Basi, ni hilo tu. Bibi harusi mwenyewe alikuwa mzima kwao.

Gauni lilikuwa kazi ya Dada. Baba alikuwa ameahidi kwamba likimridhisha mteja, meza ya kukatia itakuwa yake. Mdogo wake, aliyeitwa Balaa nyumbani na majina mabaya zaidi bwenini shuleni, aliitaka meza hiyo kuliko kitu chochote. Lakini Balaa alitumia mkono wa kushoto, na kila mkasi wa karakana ukifika mkononi mwake ulitafuna kitambaa kama mbuzi. Baba alishasema waziwazi kwamba mtoto huyu hana mikono ya ufundi.

Asubuhi hiyo Balaa alijiteua mpelelezi. Alivaa koti la mteja, akafunga mikono nyuma, akamhoji paka. Kisha akamgeukia Dada, akatamka kwamba mtu aliyeokotwa jalalani haaminiki karibu na hariri. Alikuwa akimtania hivyo tangu utotoni, na kama kawaida Dada aliinamisha macho, akameza.

Baba hakucheka. Alikipeleka kitambaa dirishani, akapitisha kidole pale kilipokatwa. Palikuwa pamenyooka, safi kabisa, mkato ukitokea upande wa kushoto. Akauliza taratibu ni nani aliyefungua sanduku lake.

Balaa akajishughulisha na vifungo vya koti. Jana yake alilifungua akitafuta sindano, akakuta mkasi uliofungwa kwa kitambaa cha flaneli, na akashangaa jinsi ulivyomtii. Hakujua kwamba duniani kuna mikasi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kushoto. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Mkasi unaokata hivi kwa mkono wa kushoto hapa ni mmoja tu," Baba alisema. "Wa marehemu kaka yangu."

"Kaka yako yupi?" Mpelelezi alikuwa bado kazini.

Mama, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, akageukia ukuta.

"Baba yako mzazi," Baba akasema.

Habari ikatoka vipande vipande: ajali ya barabarani iliyowachukua mume na mke, mtoto aliyekuwa bado anatambaa, nadhiri kwamba atakua bila kujiona mgeni. Mkasi ulifichwa ili asije akauliza ni wa nani. Ndivyo alivyolelewa akilaumiwa kwa mikono aliyorithi.

Balaa akamtazama Dada. "Ulijua?"

"Tangu ulipoletwa. Kila uliponiita wa kuokotwa, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikatazwa kulitoa. Unajua lilivyo chungu, mdogo wangu?"

Balaa akalivua koti la mteja, akalitundika mahali pake.

Baba akaanza kulikunja gauni. Akasema yaishe, labda ni panya, mtoto asisumbuliwe. Alisema kwa upole, ule wa kuzungumza na mgeni aliyefika jana. Kwa kosa dogo kuliko hilo Dada aliwahi kufungiwa nje hadi jioni. Upole huo ulimchoma Balaa kuliko habari yenyewe.

"Si panya," akasema. "Nimekata mimi. Nilitaka Dada aikose meza."

Baba akaendelea kukunja, kana kwamba hakusikia.

"Nimekata mimi, Baba. Nigombeze, basi. Nigombeze kama unavyomgombeza yeye."