Harusi ya Kalamu ya Kitanda cha Kumi na Moja

Usiku wa jana niliota kwamba mwongozo wangu umesomwa. Hilo peke yake lilitosha kunijulisha kuwa naota.

Mimi ni mfamasia wa hospitali moja ya huku nyanda za juu, kwenye baridi. Mwezi uliopita tuliletewa kalamu za insulini, vifaa vyenye umbo la kalamu ambavyo dawa imo ndani na sindano hufungwa nchani, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari waliolazwa. Kabla ya hapo tulitumia vichupa na mabomba ya sindano. Nikaandika mwongozo wa kurasa nne kuhusu namna ya kuzitumia kwa usalama. Ulipigwa mihuri miwili, ukabandikwa kwenye ukuta wa wodi ya wanaume, na siku ya pili juu yake ikatundikwa kalenda.

Kanuni ya kwanza ilisema: kalamu moja, mgonjwa mmoja, hata kama sindano imebadilishwa. Niliiandika kwa herufi nzito. Katika ndoto imekuwa sheria ya ndoa.

Ni asubuhi kweupe. Natembea kwenye ukumbi wa wodi, na ukumbi unaishia katika ofisi ya msajili wa ndoa. Msajili ni lile sanduku la njano tunalotupia sindano zilizotumika. Limevaa tai. Mdomo wake ni mwembamba, kama ulivyotengenezwa, ili mkono wa mtu usiingie.

"Kiti, bamia," likasema sanduku. "Karibu ukae, dokta."

Nikauliza kiti na bamia vinahusu nini.

"Kanuni ya tatu," likajibu. "Kabla ya kuchoma, mwaga yuniti mbili za dawa hewani ili kuondoa mapovu. Hapa tunaitekeleza hata kwenye mazungumzo. Kila mtu anamwaga maneno mawili, ndipo anasema la maana."

Niliona ni utaratibu mzuri. Nawafahamu wakubwa kadhaa ambao maneno mawili yasingewatosha.

Mlangoni amesimama Sista Tumpale, muuguzi wa zamu wa wodi ile, na trei mkononi. "Ndizi, pasi," anasema. "Dokta, umechelewa. Bwana harusi amesimama mpaka mguu umevimba."

Bwana harusi ni Mwalimu Ambakisye wa kitanda cha kumi na moja. Ana miaka sabini na mbili, na amelazwa kwa kidonda cha mguu kilicholetwa na kisukari. Alinifundisha hesabu darasa la tano, na aliwahi kunichapa kwa kuandika "kumi" bila kusema kumi nini. Amevaa gauni la hospitali, lile la kufungwa mgongoni ambalo halifungiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Chaki, debe. Marahaba. Kijana, hii ndoa inaisha saa ngapi? Chai inaletwa saa moja, na bila sindano sinywi."

Bibi harusi ni kalamu ya insulini. Ana kimo cha mtu mzima. Shela lake ni kifuniko cha kijivu, na juu ya kifuniko imebandikwa lebo: Ambakisye, Kitanda 11. Nyuma yao wanasubiri maharusi wengine. Mmoja ni Gwakisa, fundi cherehani wa kitanda cha kumi na mbili, na pembeni yake kuna kalamu nyingine iliyofanana na ya kwanza kwa kila kitu isipokuwa lebo.

"Bibi harusi, jina lako," likasema sanduku.

Kalamu akavua kifuniko, akakisoma. "Ambakisye, Kitanda 11." Akakiweka kwenye trei ya Sista.

"Rudia, niandike."

"Silijui," akasema kalamu. "Nimelivua."

Kalamu wa Gwakisa naye akavua chake, akakiweka kwenye trei ileile. Sista Tumpale hapendi vitu vilivyozagaa. Alivitazama vifuniko viwili, akavirudisha kichwani mwa maharusi kama mtu anavyorudisha vifuniko vya sufuria baada ya kuosha vyombo: kilichokaa, kimekaa.

Sanduku likatazama huku na huku. "Kuna mtu mwenye hakika kwamba kila mmoja amepata chake?"

Maharusi wakatazamana.

"Chaki, tena chaki," akasema Mwalimu. "Mimi nina hakika kwamba nina njaa."

Gwakisa akacheka mpaka akashika ubavu. "Uzi, kifungo. Mwalimu, wewe chukua yeyote. Wote wamenyooka, hakuna mwenye kitambi."

"Wewe fundi, nyamaza," akasema Sista, akiwa amesahau kumwaga maneno yake. Kisha akanigeukia. "Dokta, mbona mnalifanya jambo kubwa? Sindano si nabadilisha? Kila mgonjwa na yake mpya. Niulize lini nimerudia sindano."

Nikamwamini. Hajawahi. Hata sindano yenyewe, mpya, bado kwenye karatasi yake, ikainua kichwa kutoka kwenye trei.

"Sufuria, mvua," ikasema. "Sista anasema kweli, mimi ni mpya kabisa. Lakini mimi ni mlango tu. Aliyemo ndani simfahamu."

"Ukibadilisha mlango wa nyumba," likauliza sanduku, "wapangaji wanahama?"

Sista akafikiri. "Wangu hawahami hata nikiezua paa."

"Basi ingieni mhakikishe."

Tukaingia kwa kalamu aliyekuwa karibu. Ndani ya kalamu ni kama ukumbi mrefu wa kioo. Insulini inatufika magotini, ni baridi, safi, na inanuka dawa. Mwishoni mwa ukumbi kuna benchi kama la wagonjwa wa nje, na juu ya benchi amekaa tone la damu. Miguu ameiweka juu ya begi.

"Samahani," akasema tone. "Mimi simwagi maneno. Sikuingia kwa utaratibu."

"Uliingiaje?"

"Jana jioni. Kitufe kiliachiwa sindano ikiwa bado imo tumboni mwa Gwakisa. Nikavutwa. Sikumsukuma mtu."

Sista akainama, akakaza macho. "Mbona kutoka nje hatukukuona?"

"Mimi ni mdogo sana, mama. Kwa nje dawa ni safi kabisa. Mkiona wekundu, mjue tumejaa mpaka kwenye korido."

"Na kwenye begi kuna nini?" nikauliza.

"Wageni. Virusi vya homa ya ini. Kwa Gwakisa wamekaa miaka sita. Anameza dawa zake, amewabana, hawana raha. Wanataka kubadilisha mazingira."

"Mnakwenda wapi?"

"Kitanda cha kumi na moja. Saa moja kamili asubuhi." Tone akatazama saa ambayo hakuwa nayo. "Tumeambiwa tukae karibu na mlango."

Sista Tumpale alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshika trei kwa mikono miwili.

Mwalimu Ambakisye alikuja kwetu na ugonjwa mmoja. Mpango wa hospitali ulikuwa arudi nyumbani na huohuo mmoja.

Tulipotoka, ofisi ya msajili imekuwa darasa, na tumeshasahau tulitoka kwa kalamu yupi. Mwalimu yuko ubaoni, gauni limeachia nyuma kama kawaida, na ameshika fimbo. Kalamu wawili wameketi dawati la mbele, vichwa wazi. Vifuniko viko juu ya meza. Ukutani kuna saa: saa moja kasoro dakika tano.

"Chaki, ubao," anasema Mwalimu. "Nani kati yenu alikuwa na fundi Gwakisa jana jioni?"

Wote wawili wananyoosha mikono.

"Nani hakuwa naye?"

Wote wawili wananyoosha mikono.

Nikaingilia. Nilitaka jambo linaloweza kupimwa. Kalamu ikishafunguliwa inakaa nje ya friji kwa siku ishirini na nane tu, kwa hiyo tarehe ya kufunguliwa huandikwa juu yake. Gwakisa alianza dawa siku tano kabla ya Mwalimu. Tarehe ingetuambia nani ni nani.

"Embe, ngazi," nikasema. "Ulifunguliwa lini?"

"Kikapu, nyuki," akajibu wa kwanza. "Siku ile umeme ulipokatika."

"Na wewe?"

"Kijiko, jiwe. Siku ile umeme ulipokatika."

"Mwezi huu umeme umekatika mara nne."

"Ile ya jioni," wakasema pamoja.

Zote nne zilikuwa za jioni. Nikatazama nafasi ya tarehe kwenye miili yao. Ilikuwa tupu. Sista alieleza kwamba siku hizo wodini kulikuwa na kalamu kumi na sita, na hakuna hata moja inayoandika.

"Basi zitupwe zote mbili," nikasema.

"Hata ya Mwalimu? Dokta, kuna moja hapo haina kosa."

"Ipi?"

Sista akazitazama. Akaangalia ya kushoto, akaangalia ya kulia, kisha akaangalia viatu vyake.

Sanduku la njano lilikuwa limekaa dawati la nyuma. Likajongea mbele kwa kujiburura. "Kabla sijameza, niandikiwe. Nani aliagiza lebo ibandikwe kwenye kifuniko?"

"Hakuna aliyeagiza," akasema Sista. "Wala hakuna aliyekataza. Mwili wa kalamu ni mwembamba, lebo ni ndefu. Ukiibandika mwilini vibaya inaziba dirisha la dozi, huoni umeweka yuniti ngapi. Penye nafasi ni kwenye kifuniko. Wodi nzima tunafanya hivyo, na kila mzunguko dokta anatusifu kwa usafi."

Hilo lilikuwa kweli. Niliwasifu Jumatatu.

"Dokta," likasema sanduku, "ni ukurasa gani unaosema lebo ikae wapi?"

Nikafungua mwongozo. Ukurasa wa kwanza ni utangulizi, na unaeleza kwamba kisukari ni tatizo, jambo ambalo wagonjwa walikuwa wameshalihisi. Kurasa za pili na tatu zina kanuni kumi na moja. Ukurasa wa nne una majina ya wajumbe waliohudhuria vikao. Kanuni ya sita inasema: "Kila kalamu iwe na lebo yenye jina la mgonjwa." Baada ya hapo kuna nukta. Nikageuza karatasi kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

Mwalimu alisoma juu ya bega langu. "Lebo wapi?" akauliza. Sauti ilikuwa ileile ya darasa la tano.

"Haijasema, Mwalimu."

"Mwili wa nani utajibu hapo palipoachwa wazi? Wako au wangu?"

Nikanyoosha kiganja. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

"Bandua," akasema.

Nikachukua vifuniko viwili mezani, nikaanza kubandua lebo kwa ukucha wa kidole gumba. Gundi ya hospitali hushindwa kushika bandeji, lakini lebo iliyokaa mahali pabaya huishika kama saruji. Inatoka vipande vipande. Nilipoinua kichwa, darasa halipo. Tuko wodini, saa moja kasoro dakika moja, na Sista Tumpale anasukuma toroli kuelekea kitanda cha kumi na moja. Amesikia kila kitu, amehuzunika, na bado anasukuma. Saa moja ni saa ya sindano. Ratiba haisubiri matokeo ya uchunguzi.

"Sista!" nikaita.

Sanduku likaniziba njia. "Hujamwaga mawili."

"Embe, ngazi! Sista, simama!"

"Na kanuni ya tisa: baada ya kubonyeza, hesabu hadi kumi kabla ya kuondoka. Ni wewe uliyesema watu wana haraka mno."

"Hiyo ni ya sindano!"

"Hukusema ni ya nini," likajibu sanduku. "Hesabu."

Nahesabu. Moja, mbili. Mwalimu anajifunua tumbo, kwa adabu, huku akitazama dari. Tatu, nne. Sista anavua kifuniko. Tano. Anafunga sindano mpya, anamwaga yuniti mbili, tone linang'aa na kudondoka. Saba.

"Umeruka sita," likasema sanduku. "Anza upya."

Nikaanza upya. Mwalimu akageuza uso, akanitazama, midomo yake ikihesabu pamoja nami kama alivyokuwa akifanya na watoto wazito wa hesabu. Sindano ikagusa ngozi. Nane. Tisa. Kumi.

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi. Mimi siamini ndoto. Naamini vipimo, na hata hivyo si vyote. Nikapiga simu wodini.

"Sista, umeshamchoma Mwalimu?"

"Eh, dokta, hata salamu hakuna? Umeamkaje?"

"Umemchoma?"

"Bado. Ndiyo nipo hapa kitandani kwake. Sindano mpya nimeweka, yuniti mbili nimemwaga, kila kitu kama karatasi yako inavyotaka."

"Weka chini. Umejuaje kwamba kalamu hiyo ni yake?"

"Ilikuwa upande wake wa trei."

"Lebo inasemaje?"

Nilisikia toroli ikisogezwa, kisha sauti ya Mwalimu ikiuliza habari za chai.

"Dokta, hii ni ajabu," akasema Sista. "Lebo hakuna. Jana jioni nilikuwa nayo hapa kwenye kifuniko, nakumbuka vizuri. Sasa hivi pana gundi tu na mikwaruzo ya ukucha. Ya Gwakisa nayo ni hivyo hivyo. Nani kaingia humu?"

"Tupa zote mbili kwenye sanduku la njano. Chukua mbili mpya kwenye friji. Andika tarehe ya leo. Bandika lebo kwenye mwili wa kalamu, usizibe dirisha la dozi."

"Kwenye mwili," akarudia polepole. Alikuwa anaandika. "Hilo mbona halikuwemo kwenye mwongozo?"

"Halikuwemo."

Sista akamaliza kuandika. Akakata simu aendelee na kazi.

Kidole gumba changu cha kulia kilikuwa kinauma. Nikakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ukucha kulikuwa na gundi iliyokauka, na ndani ya gundi kipande cha karatasi nyeupe kisichozidi punje ya mchele. Nikakitoa kwa kibanio, nikakilaza juu ya meza, nikavaa miwani.

Kilisomeka: Kitanda 1. Baada ya hiyo moja, palipopaswa kuwa na moja nyingine au mbili, kilikuwa kimechanika.