Kipande cha Shaba Ndani ya Datsun

Bi Mwanaesha hakumtuma mtu kuipeleka Datsun yake gereji. Aliiendesha mwenyewe kutoka Mji wa Kale hadi kwa Hussam kule Shimanzi, akijipenyeza baina ya malori ya makontena, injini ikitoa moshi wa samawati na kugonga kama mtu atwangaye kisamvu. Alipoizima alikaa kidogo, mikono ingali kwenye usukani, kisha akashuka, akatengeneza mtandio wake, akamsalimu Hussam kwa utaratibu wa watu wa kwao: yeye mwenyewe, mamake, mkewe, watoto, kazi. Ndipo akasema alichojia.

"Mwanangu, nataka injini hii uifungue yote. Na ukiifunga tena, nataka iwe na nguvu ambazo haijapata kuwa nazo tangu izaliwe."

Hussam alilijua gari lile tangu utotoni. Lilikuwa gari la michezo la miaka ya sabini, la milango miwili na pua ndefu, na marehemu mumewe Bi Mwanaesha, Bwana Mzamil, alikuwa akishindana nalo kwenye barabara za vumbi za bara. Kushoto kwake aliketi mkewe, ramani mapajani, akimsomea kona zinazokuja. Watoto wa mtaa wao wa Kibokoni walikuwa wakilikimbilia kila liliporudi limepakaa matope mpaka juu.

"Ataiendesha Jamaldin?" Hussam aliuliza. Jamaldin alikuwa mtoto wa kakake Bi Mwanaesha, akifanya kazi bandarini Kilindini.

"Jamaldin ana gari yake. Nitaiendesha mimi. Miaka yote nalikaa kushoto nikimwambia Mzamil kata kulia, kata kushoto. Sasa nataka nikate mwenyewe. Kuna hayo mashindano ya magari ya zamani, pale kwenye uwanja wa ndege ulioachwa kule ng'ambo. Nishajiandikisha."

Hussam alicheka kwa heshima, akasema inshallah.

Kazi yenyewe aliifanya kwa moyo wote. Alikuwa amejifunza kuunda injini za mashindano Sharjah, huko Uarabuni, lakini tangu arudi Mombasa alikuwa akihangaika na malori ya watu na magari ya kwenda kazini, na mikono ilikuwa na njaa ya kazi kama hii. Injini ya kawaida ukiilazimisha kutoa nguvu mara tatu ya zile ilizoumbiwa, hujivunja yenyewe. Kwa hiyo alianza na viungo vya ndani kabisa. Pistoni za zamani zilizomiminwa akazitoa, akatia zilizofuliwa kwa nyundo, ngumu zaidi. Mikono ya chuma inayozishika pistoni akaibadilisha yote. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaipeleka kwa mchongaji wa vyuma, ikasawazishwa mpaka ikawa yazunguka bila kutikisika. Akatia bolti nene za kukazia hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, gasketi ya chuma, pampu kubwa ya oili, na mwisho kabisa turbo, ile feni inayoishindilia injini hewa. Kila alichokitilia shaka alikitoa akaanza upya. Aliyekuwa akimsaidia ni Tsofa, fundi mwenzake kutoka Kaloleni, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi.

Bi Mwanaesha alikuwa akija mara kwa mara na mahamri yaliyofunikwa kwa kawa. Alikaa juu ya pipa tupu akauliza hiki ni cha nini, kile kimevunjika vipi. Tsofa alimjibu. Hussam alikuwa akisema tu, "Usijali, Bibi, mambo yako sawa."

Injini ilipokamilika, Hussam alilitoa gari Jumapili asubuhi, barabara ya maghala ikiwa tupu. Alikanyaga. Mwanzo halikufanya la ajabu. Kisha turbo ikashika, na nyuma ya gari ikamtoka, ikateleza kando, na ukuta wa ghala ukamjia usoni. Aliukwepa kwa bahati tu. Alisimamisha gari, akafungua mlango, akabaki ameketi miguu nje.

Hakumwambia mtu. Alirudi gerejini akamfikiria Bi Mwanaesha: mikono myembamba yenye bangili, miwani, goti analolilalamikia akipanda ngazi. Moyoni akaisikia habari ikizagaa mjini, kwamba bibi wa watu kafa ndani ya gari aliyoitengeneza Hussam. Akachonga kipande cha shaba kidogo, akakifunga pale waya wa pedali unapofika kwenye injini. Pedali ingekwenda mpaka chini, lakini mlango wa kuingizia hewa usingefunguka hata nusu.

Tsofa alikiona siku ile ile.

"Mwenyewe umemwambia?"

"Nikimwambia ataogopa bure."

"Na angekuwa Jamaldin ndiye wa kuendesha?"

Hussam alijifanya hakusikia. Lakini alisikia, na jibu alilijua. Angempa Jamaldin ufunguo, akamwambia, chunga, hii ni kali. Basi.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Magari yalikuwa yakienda mawili mawili, kutoka mwisho mmoja wa lami hadi mwingine. Bi Mwanaesha alivaa helmeti juu ya mtandio, akapangwa na Ford Escort ya kijana mmoja, Morgan. Bendera ilipoteremshwa Escort ikaondoka, Datsun nayo ikafuata kwa mwendo wa gari linalopeleka watoto madrasa. Alipangwa tena na Peugeot 504 ya familia, ile yenye keria ya mizigo juu. Peugeot ikamshinda vilevile.

Sheikhan, mwenyekiti wa mashindano, ndiye aliyekuwa na maikrofoni. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kuchekesha. "Bibi yetu ametembeza gari kama anakwenda arusini," alisema, na vipaza sauti vikayatawanya maneno uwanja mzima. "Tumpigieni makofi, jamani. Kwa umri wake, kuthubutu tu ni kazi."

Makofi yakapigwa. Watu walikuwa wameinua simu, wakimpiga picha akishuka.

Bi Mwanaesha alimjia Hussam moja kwa moja, helmeti kwapani, uso umemvimba kwa joto.

"Hussam, niliikanyaga mpaka chini."

"Nilikuona, Bibi."

"Haikwenda."

Hapo ndipo Hussam alipokuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, hayakuzidi matatu. Lakini nyuma ya Bi Mwanaesha walikuwa wamesimama watu, wengine wenye magari ambayo Hussam alitamani sana kuyafungua, na walikuwa wakimtazama yeye, fundi wa Sharjah.

Bi Mwanaesha akauangalia mguu wake wa kulia. "Au ni huu mguu? Huenda nadhani nakanyaga, kumbe sikanyagi. Hili goti limenichosha."

"Huenda, Bibi," Hussam alisema. "Pedali yenyewe ni ngumu kidogo."

Tsofa alikuwa kando yao akikunja kamba ya kuvutia gari. Aliiweka chini, akaondoka kwenda upande wa pili wa uwanja, na siku ile hakurudi mjini pamoja nao.

Haikupita muda Jamaldin akaileta Datsun gerejini. Alitaka ipakwe rangi, na viti vitiwe ngozi.

"Shangazi kanipa," alisema. "Hataki hata kuitazama. Na kuendesha kwenyewe ameacha, hata ile gari yake ndogo. Juzi aliipeleka Makadara, akaiacha huko huko, akarudi kwa miguu juani. Asema hauamini mguu wake kwenye breki." Alipangusa vumbi kwenye boneti kwa kidole. "Lakini ni afadhali, ndugu yangu. Kwa umri wake, mambo ya kuendesha ya nini tena?"

Kila neno alilosema Jamaldin, Hussam alikuwa amelisema moyoni, siku ile alipokuwa akichonga shaba, na wakati ule aliliita huruma. Sasa alilisikia likitoka kinywani mwa mtu mwingine, na likamchefua. Alipobaki peke yake alifungua boneti, akakifungua kile kipande, akakitia mfukoni. Alijaribu kufanya kazi nyingine akashindwa. Mara aliangusha spana, mara alisahau alichokuwa akitafuta.

Baada ya sala ya alasiri alikwenda Mji wa Kale. Alipita mbele ya nyumba ya Bi Mwanaesha, akaipita, akafika mpaka mwisho wa kichochoro, akarudi. Akabisha hodi. Bi Mwanaesha alimkaribisha barazani, akamtilia kahawa, akamsogezea kaimati, akamwuliza hali ya mamake. Mguu wake wa kulia alikuwa ameunyoosha juu ya mto, umefungwa kitambaa chenye harufu ya dawa.

Hussam alikiweka kipande cha shaba kwenye sinia, kando ya kikombe.

"Bibi, mguu wako hauna kitu."

Akamweleza yote, tangu ukuta wa ghala mpaka yale ya uwanjani. Hakuruka kitu. Bi Mwanaesha alikiokota kile kipande akakigeuzageuza kama mtu anayechunguza pete.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ulinichelea mimi, au ulilichelea jina lako?"

"Vyote viwili, Bibi."

"Kipi zaidi?"

Hussam aliutazama mkeka. "Jina langu."

"Na nilipokuuliza mbele za watu?"

"Jina langu tena."

Bi Mwanaesha akaanza kukifungua kile kitambaa mguuni, taratibu, akisema huku hamtazami.

"Mzamil aligonga miti, alipindua gari mtoni, nami nimekaa kando yake. Hakuna fundi aliyemfungia waya. Ungeniambia, Bibi, gari hii ni kali, yateleza nyuma. Ningekuuliza yateleza wapi, ningejifunza, au ningesema basi siiwezi. Hilo lilikuwa langu mimi kulisema. Wewe umenifanya nisiuamini mwili wangu. Nimelala na mguu huu nikiuuliza kama ushakufa." Alikikunja kitambaa, akakiweka kando. "Nikikwambia nimekusamehe sasa hivi nitakuwa mwongo. Mashindano mengine yako karibu. Utamwomba Sheikhan maikrofoni. Walionicheka wakusikie wewe."

Katika siku zilizofuata Bi Mwanaesha alidai gari lake, na Jamaldin, kwa kunung'unika, akalirudisha na ufunguo wa akiba. Kila asubuhi Tsofa alikwenda naye ule uwanja wa ng'ambo, akaketi kushoto. Hussam hakualikwa. Alisikia tu kutoka kwa Tsofa, na Tsofa alisema machache: leo kateleza, leo kazunguka mzima kama pia, leo kaishika.

Siku ya mashindano Hussam alimwendea Sheikhan. Mwenyekiti alidhani anataka kutangaza gereji yake, akampa maikrofoni kwa bashasha.

"Mimi ni Hussam, fundi," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka upande wa pili wa uwanja, ngeni. "Mara iliyopita gari ya Bi Mwanaesha haikwenda. Kosa halikuwa lake. Injini niliitia nguvu, kisha nikaifunga isitoe nguvu, bila ya kumwambia mwenyewe, kwa sababu niliona ni mwanamke na ni mtu mzima, hataiweza. Aliponiuliza nikamdanganya. Nyinyi mlimcheka kwa sababu yangu."

Alikuwa amepanga kuomba radhi kwa maneno mazuri zaidi, lakini yalimpotea. Mtu mmoja akapiga mluzi. Wengine wakacheka, na kicheko kile hakikuwa cha kuchekeshwa. Aliona simu zikiinuliwa. Sheikhan aliipokea maikrofoni bila ya kumtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Bi Mwanaesha akapangwa na Escort. Bendera ilipoteremshwa Datsun ilitoa sauti ambayo Hussam alikuwa ameisikia mara moja tu, ile Jumapili, na nyuma yake ikaanza kuyumba vilevile. Hussam alifumba macho. Alipoyafumbua gari lilikuwa limenyooka, likizidi kwenda. Escort ilimshinda kwa kitambo kidogo. Peugeot, alipopangwa nayo, aliiacha nyuma mbali. Bi Mwanaesha alirudi polepole, akashuka anacheka peke yake, mtandio umelowa jasho, na Tsofa alipofungua boneti hapakuwa na hata tone la oili lililovuja.

Hussam alisimama mbali mpaka akaitwa.

"Injini umeiunda vyema," Bi Mwanaesha alimwambia. "Hilo lazima niliseme. Toka leo ataitunza Tsofa. Tushazungumza."

"Sawa, Bibi."

"Msalimie mamako."

Hussam alirudi kisiwani Mombasa peke yake. Nyumbani alimkuta mkewe, Nabiha, sakafuni na mbuzi, akikuna nazi. Nabiha alimwuliza gari imekwendaje. Hussam alitaka kusema imekwenda vizuri, kisha aende zake kuoga. Badala yake aliketi kwenye kizingiti akamhadithia kila kitu, na hilo la maikrofoni pia, maana kesho angeliona kwenye simu ya mtu.

Nabiha alisikiliza akiendelea kukuna. Alipomaliza kifuu cha kwanza akakiweka kando, lakini cha pili hakukichukua.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi umenifungia nini?"

Hussam alifungua kinywa kusema hakuna. Kisha akaikumbuka ile meza ya vyakula ambayo Nabiha alitaka kuiweka kule ufukweni Mama Ngina, jioni, auze mihogo na viazi vya karai kama wenzake. Yeye ndiye aliyejitolea kwenda kumtafutia kibali. Alirudi akamwambia wamekataa, nafasi zimejaa. Nabiha alilia kidogo, akaliacha wazo lile. Ukweli ni kwamba siku ile Hussam alikaa kwenye gari lake mpaka adhuhuri akiwaza atasemwa nini, kwamba mkewe auza mihogo barabarani, na ofisini hakuingia hata kuuliza.

Nabiha alikuwa akimngoja, mikono imejaa weupe wa nazi.

"Ile meza ya Mama Ngina," Hussam alisema. "Sikwenda."