Firigisi za Mogaka

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa mbili asubuhi, Nyaboke alikuwa amechuchumaa uani akiwapaka kuku wake Vaseline kwenye vishungi. Walikuwa watano. Alimbana kila mmoja kwapani, akachovya kidole kwenye kopo, akapaka kuanzia mbele kwenda nyuma, kisha akamwachia. Asipopakwa, baridi ya Januari hukiunguza kishungi kikawa cheusi na kudondoka. Redio ilikuwa imesema dhoruba ingefika Jumatano, na theluji ya sentimita arobaini. Alipomaliza, kuku walijipanga kwenye shimo lililokuwa nje, kwenye kona ya nyuma ya banda, wakaingia mmoja mmoja, wakaenda zao Nyamira, Afrika Mashariki.

Nyumba ilikuwa Weston, Toronto, mitaa miwili kutoka Mto Humber. Nyaboke na bintiye Lynette, mwenye miaka saba, walipanga vyumba vya chini. Juu aliishi mwenye nyumba, Mzee Sadrudin, mzaliwa wa Moshi aliyefiwa na mkewe Mumtaz na ambaye tangu hapo hakuwa na mtu wa kumgombeza. Sheria ya mji haikuruhusu kufuga kuku. Majirani walipouliza, Mzee alisema ni njiwa, na kwa kuwa alisema huku amenuna, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Kuku wenyewe waliletwa na firigisi. Kwao Nyaboke, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mke haili, mtoto haiombi, mgeni hapewi mpaka mwenyewe aridhie. Mwaka wake wa kwanza Toronto, akifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao fulani huko Etobicoke, Nyaboke alinunua kuku mzima dukani, akampasua, akakuta tumbo tupu. Siku nyingine aliziona firigisi kwenye friji ya duka lile lile: ishirini kwenye trei moja, hazijulikani za kuku gani wala za mume gani. Zilimtia huzuni. Alikuwa ameondoka na mimba ya Lynette; mume wake, Mogaka, alikuwa amebaki Nyamira akingoja karatasi za kumfuata, na walikuwa wameambiwa ni miezi kumi na minane. Nyaboke aliona ni aibu mwanamume afike akute hajawekewa chochote. Akatafuta vifaranga.

Kila Desemba alichinjisha mmoja. Firigisi aliifunga kwenye foili, akaandika mwaka kwa kalamu nyeusi, akaiweka friza. Sasa zilikuwa saba.

Shimo lilitokea mwaka wa tatu. Kuku mmoja alikosekana asubuhi, akarudi kabla ya saa tano na udongo mwekundu miguuni. Kesho yake, Nyaboke akiongea na Mogaka kwa video, alimwona kuku huyo akikatiza nyuma ya kiti cha mumewe.

"Huyo ni wangu," Nyaboke alisema.

"Aa, kumbe. Nilidhani ni wa jirani," Mogaka alijibu. "Anapenda mahindi huyo, si mchezo."

Wakaendelea kuzungumza habari za mvua.

Tangu hapo kuku walikuwa na siku mbili ndani ya siku moja. Ikiwa saa mbili asubuhi Weston, Nyamira ni saa kumi alasiri. Walidonoa huko mpaka jua likatua, kisha wakarudi Weston wakakuta asubuhi bado haijaisha. Walitaga pande zote mbili. Nyaboke aliwafunga mgongoni soksi za Mogaka, dawa za Mogaka, picha za Lynette za shule. Mogaka naye alirudisha mbegu za mboga ya managu, na safari moja jino lake la nyuma lililong'oka, kwa sababu Lynette alikuwa amempelekea lake la kwanza. Lakini firigisi Mogaka hakukubali zipitishwe humo. Alisema yeye si paka wa kulishwa mlango wa nyuma. Angezila akifika, ameketi mezani.

Shimo lilikuwa na upana wa kuku aliyeshiba. Kiangazi kizima Nyaboke alichimba kulipanua. Udongo ulitoka, rundo likafika dirishani, na shimo halikuongezeka hata kidole. Mzee Sadrudin alilalamika kuhusu msingi wa nyumba. Kila Desemba ardhi ilipoganda, shimo lilijifunga lenyewe kidogo kidogo, likafunguka tena Aprili. Kwa hiyo kabla ya dhoruba ya kwanza ilibidi kuamua kuku watapitisha baridi upande gani.

Faili la Mogaka lilikuwa na mwaka wa nane. Ofisi ya uhamiaji ilitaka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na kwamba mume na mke wamekutana ana kwa ana karibuni. Nyaboke hakuweza kusafiri. Karatasi zake mwenyewe zilikuwa bado zinashughulikiwa, na akitoka hakuwa na hakika ya kuruhusiwa kurudi ndani. Aliwaandikia kurasa mbili kuhusu shimo, akaambatisha picha za miguu ya kuku. Walimjibu kwa adabu kwamba ushahidi unaohusu mifugo haupokelewi. Kanisani walimwambia subira huvuta heri. Miaka minane ni subira ya kutosha kuvuta hata treni ya uwanja wa ndege, lakini heri haikusogea.

Na sasa Mogaka alikuwa mgonjwa. Kwenye simu alisema ni kikohozi tu. Kuku ndio waliosema kweli: walianza kurudi Weston na ugali midomoni, wameshiba mpaka hawawezi kuparamia kitagio, kwa sababu sahani yake aliwamwagia wao. Nyaboke akampigia shemeji yake Ombati, naye hakuficha. Moyo wa Mogaka ulikuwa umepanuka. Hatua kumi zilimmaliza pumzi. Siku nzima alikaa nyuma ya jiko, karibu na shimo, akingoja kuku.

Nyaboke alitaka kitu kimoja tu duniani: Mogaka afike, aketi mezani, Lynette amwone kabla moyo ule haujachoka. Alipiga simu ofisini Jumatatu. Akangoja kwenye laini saa moja na nusu akisikiliza muziki. Faili lilikuwa linashughulikiwa.

Alirudi kwenye kazi ya banda. Majirani walikuwa wametupa barabarani marobota ya majani makavu waliyopambia milango yao mwezi Oktoba, naye alikuwa ameyakokota manne kwa mkokoteni wa dukani. Aliyapanga ukutani upande wa upepo, akatandaza mengine chini, akagongomea plastiki nzito juu ya waya. Mzee Sadrudin alishika ngazi, kazi ambayo haikuhitajika, maana Nyaboke alikuwa amesimama chini.

"Huko juu uache pengo," alisema. "Kuku hauawi na baridi. Anauawa na unyevu wake mwenyewe."

"Najua, Mzee. Nimeacha."

"Acha kubwa zaidi."

Jumanne Mzee alichinja yule mkongwe aliyekuwa ameacha kutaga. Kila mwaka alichinja yeye, kwa bismillahi, ili nyumba nzima iweze kula, kama ilivyokuwa desturi alikokulia. Nyaboke akamnyonyoa, akampasua, akatoa firigisi, akaiosha. Halafu hakuifunga kwenye foili. Alifungua friza akazitoa na zile saba, akazipanga kwenye sinki ziyeyuke.

Mzee alizitazama. "Za miaka yote?"

"Zote."

"Si alisema atazila mezani?"

"Alisema."

Mzee alipanda juu kwake, akarudi na ndimu mbili. "Tia hizi," alisema. "Mumtaz alikuwa anatia."

Nyaboke alikuwa amekata tamaa, na alijua hivyo. Kuzipika zote nane kulikuwa kukiri kwamba Mogaka hatakuja. Alizichemsha muda mrefu, maana firigisi ya miaka saba ni ngumu, akazikaanga kwa vitunguu na ndimu, akalia bila kuacha kugeuza mwiko. Lynette alimwuliza kwa Kiingereza kama ameungua. Akamwambia hapana.

Usiku ule aliamua pia kwamba kuku wangepitisha baridi Nyamira. Mayai yangemfaa mgonjwa. Jumatano asubuhi theluji ilipoanza, shimo lilikuwa limeshakaza. Kuku wanne walipita kwa kujibana, wa mwisho, ambaye Lynette alimwita Waffle, akaacha manyoya mlangoni. Banda lililozibwa vizuri kuliko yote likabaki tupu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Saa nne Nyaboke alitandika mfuko wa takataka juu ya theluji, mbele ya shimo, akalala kifudifudi, sahani pembeni, Lynette amepiga magoti kando yake. Mzee Sadrudin alisimama nyuma yao na mwavuli usiosaidia kitu. Nyamira ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

"Mogaka."

"Niko." Sauti ilitoka pamoja na harufu ya moshi wa kuni. "Kuku wamefika. Huyu mmoja amenyonyoka."

"Nimekuletea firigisi zako."

Pumzi yake ilisikika ikipanda kwa taabu. Miaka yote alikuwa amezikataa. "Ngapi?" aliuliza.

"Nane."

"Haya," Mogaka alisema. "Basi lete maji."

Mwanamume hawezi kupewa chakula kabla ya kunawishwa, hasa chakula hicho. Nyaboke alikuwa ameleta birika la maji ya uvuguvugu. Alilimimina polepole kwenye mdomo wa shimo, nao wakamsikia Mogaka akinawa, akisugua kiganja kwa kiganja, akisema inatosha. Kisha Nyaboke alipitisha firigisi, moja moja, kwa ncha za vidole. Wakamsikia akitafuna.

"Umetia ndimu," Mogaka alisema.

"Za Mzee."

"Mwambie asante."

"Nimesikia," alisema Mzee Sadrudin.

Baada ya ya tatu alisema amechoka, nyingine angekula baadaye. Nyaboke akazifunga zile tano zilizobaki kwenye foili iliyofunika sahani, akazipitisha, kisha akaingiza mkono mpaka begani. Mkono wa Mogaka ulikuwa huko, mkavu, mwepesi kuliko alivyoukumbuka, bado una maji. Walishikana. Mzee alitoa simu yake akapiga picha. "Ya faili," alieleza.

"Sasa wewe," Nyaboke alimwambia Lynette. "Msalimie baba."

Lynette alivua glavu, akaingiza mkono. Akakaa hivyo kwa muda. "Mum," alisema, "mkono wake uko warm." Kisha akainama. "Hi, Daddy."

"Lynette," sauti ilisema. "Yaani una mkono mkubwa namna hii?"

Nyaboke aliingiza tena mkono wake, wakawa watatu humo ndani. Upepo ulibadilika. Maji yaliyolowesha mdomo wa shimo yalianza kuwa meupe.

"Mama Lynette," Mzee Sadrudin alisema. "Mtoe mtoto. Linafunga."

Akamtoa Lynette. Mwenyewe akabaki. Mzee alisema mara ya pili, mara ya tatu akamshika kwenye mkanda wa koti akamvuta, na mkono ukatoka ukiwa umechubuka kuzunguka kifundo. Shimo lilikuwa limezibwa na barafu ya maji ya kunawa, safi kama kioo cha meza. Kwa nyuma yake ilionekana foili iking'aa kidogo, halafu theluji ikafunika.

Mzee alilipigapiga kwa kisigino cha buti. "Bila maji lingekaa wazi mpaka Ijumaa," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Mogaka alifariki Alhamisi jioni, akiwa ameketi nyuma ya jiko. Nyaboke aliangalia mazishi kwa simu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, kwa sababu siku hiyo hakupata mtu wa kushika zamu yake. Picha ilikatika mara mbili. Wale kuku wanne walichinjiwa waombolezaji. Ombati alimpigia kuuliza firigisi wampe nani, kwani pale nyumbani mwenyewe hayupo tena na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nyaboke alimwambia wazikaushe kwa moshi, waweke.

Picha ya Mzee Sadrudin aliituma ofisini wiki hiyo hiyo. Ilimwonyesha yeye amelala kwenye theluji na mkono mmoja ardhini. Jibu lilikuja Februari. Walimshukuru. Uso wa mume hauonekani kwenye picha, waliandika, na kushikana mikono kupitia ardhini hakuhesabiwi kuwa ni kukutana ana kwa ana. Faili lingeendelea kushughulikiwa. Nyaboke hakuwaandikia kwamba Mogaka amefariki. Hawakuwa wameuliza.

Wiki ya pili ya Aprili barafu iliyeyuka. Shimo lilifunguka, upana ule ule. Hakuna kuku aliyetoka. Nyaboke alilala kifudifudi kwenye tope, akaingiza mkono, akapapasa. Alikuta majivu, punje za mahindi, na kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na firigisi nne, nyeusi kwa moshi, ngumu kama kokoto.

Alizipeleka jikoni. Mzee Sadrudin alikuwa ameshuka kulalamika kuhusu rundo la udongo. Alimkuta akizifunga kwenye foili, moja moja, na kalamu nyeusi mkononi.

"Sasa hizo za nani?" aliuliza.

"Zina mwenyewe," Nyaboke alisema. "Faili lake halijafungwa."

Akaandika mwaka, akazipanga friza, mahali pa zile saba.