Herufi Tatu za Nyanzala

Usiku wa jana niliota niko Marekani, miaka ya elfu moja mia nane na arobaini, ndani ya gazeti. Si ofisini. Ndani ya gazeti lenyewe. Mwanzilishi wake, Bwana Thornby, maisha yake yote yamo humo: ukurasa wa kwanza anazaliwa, wa pili ni fundi wa kupanga herufi za chuma, wa tatu ni tajiri anayekula na wakubwa, wa nne anazikwa.

Nimekuja na tangazo moja tu. Mke wangu Nyanzala alifia mlangoni pa zahanati iliyofungwa, maana muuguzi wetu alipelekwa kumchezea ngoma mgeni rasmi. Wakubwa wakaandika "aliugua ghafla". Mimi nataka jambo liandikwe kama lilivyotokea.

Namkuta Thornby ukurasa wa tatu, kofia ndefu, anatafuna paja la bata.

"Rudi kesho, mzee."

"Kesho wewe uko ukurasa wa nne, marehemu."

Anafikiri. "Basi nenda ukaniwahi ukurasa wa pili. Kule nilikuwa bado na aibu."

Naruka mstari, naingia wa pili. Thornby huyu ni mwembamba, mikono myeusi kwa wino. Anasoma, anapangusa macho. Anapanga zahanati, anapanga kufungwa, anafika kwenye jina, anasimama.

"A zimeniishia, mzee wangu. Zilizobaki zote kachukua Mheshimiwa."

Kweli. Juu pale, yule yule mgeni rasmi wa ngoma: MHESHIMIWA AKATA UTEPE. Herufi zimepakwa wino, zinajipepea.

"Hamjambo, mama zangu? Naomba A tatu."

"Hatutoki," inasema moja. "Hapa tunasomwa na wakubwa."

"Wakubwa wanaangalia picha tu."

Zinatazamana. "Jamani, mzee hajakosea. Tangu asubuhi nani katusoma?"

Tatu zinanirukia kiganjani, za moto kama karanga. Mheshimiwa kapungukiwa herufi, mkasi unamgomea mbele ya watu. Anafoka, "Nani anahusika hapa?"

Mwaka mzima nimeuliza swali hilo hilo, ofisi kwa ofisi.

Thornby anazipachika: NYANZALA. Mtambo wa kuchapia unapiga hodi. Naujibu, "Karibu." Unashuka, kwaa!

Nikaamka. Kumekucha, upande wa pili wa kitanda mtupu kama kawaida. Nikafungua kiganja cha kulia: A tatu, nyeusi, wino mbichi.

Leo ugali nimekula kwa mkono wa kushoto.