Theluji ya Upande wa Kivuli

Misumeno ndiyo iliyosikika kwanza. Ilinguruma juu kule ndani ya ukungu, ikanyamaza, kisha kitu kizito kikaanguka na ardhi ikatikisika. Wanakijiji waliokuwa wakizoa matope mferejini waliinua vichwa. Kila mwaka, kabla ya kufungulia maji, kila nyumba hutoa mtu na koleo.

"Onesimo," Librada aliita, "si upande wa kivuli wa mlima huo?"

Onesimo Tafoya, msimamizi wa mfereji, alilichomeka koleo kwenye tope akaanza kupanda. Librada, mjane mwenye shamba la mwisho kabisa mferejini, akamfuata.

"Yule mgeni wako wa mjini Denver," alisema. "Hukumwuliza anatafuta nini?"

"Alikula kwangu. Ningemwuliza vipi?"

Kijijini kwao mgeni aliyekula mezani hahojiwi. Bwana Garrick alikuja na vipimo vyake majira ya baridi, akala maharage na pilipili nyekundu hadi jasho likamtoka, akauliza theluji inadumu wapi kuliko kwingine. Onesimo alidhani ni mpima maji wa serikali. Akajivuna. Akamtembeza mteremko mzima: hapa misonobari inakinga jua, hapa upepo haufiki, hapa theluji inakaa hadi Juni na kuyeyuka taratibu, nasi tunamwagilia hadi mavuno.

"Nami nikamfungia tamale, mikate yangu ya mahindi, za njiani," Librada alisema akihema. "Tumependeza kweli, mimi na wewe."

Juu, misonobari ilikuwa imelala. Mpasuko mpana kati ya miti ulishuka kutoka kileleni hadi kijitoni, mashina yakivuja utomvu. Theluji iliyoachwa juani ilikwisha kuwa tope. Kando ya kijito yalilala mabomba meusi, manene kama mapipa.

Garrick alishuka garini, mikono wazi.

"Mzee wangu! Nilikuwa nakuja kwako."

"Mabomba ya nini haya?"

"Ya kutengenezea theluji. Watalii wa kuteleza kwenye theluji hawasubiri mbingu. Kuanzia Novemba tunavuta maji ya kijito na kuyapuliza mlimani."

"Hicho kijito ndicho kinachojaza mfereji wetu."

"Kibali kimeshatoka, mzee. Mlitangaziwa."

"Tulitangaziwa wapi?"

"Kwenye mtandao."

Librada alicheka, kicheko kikavu. "Huku simu yenyewe tunapanda nayo juu ya paa. Sasa sikiliza, baba. Mimi ni wa mwisho mferejini. Maji yakipungua, hayafiki kwangu. Nitapanda nini?"

"Kazi zitakuwepo, mama. Hoteli tutakayojenga itakuwa na vitanda vingi vya kutandikwa."

"Nina shamba. Sijakuomba vitanda."

Nyuma yao wanakijiji walikuwa wanafika mmoja mmoja, makoleo mabegani. Onesimo alisikia pumzi zao. Hakugeuka.

"Nilikuonyesha ili uone maji," alimwambia Garrick.

"Na nikaona!" Garrick alipaza sauti, akiwatazama wote kwa furaha. "Tulipima milima mingi, jamani. Mingine jua linamaliza theluji, mingine upepo. Huu tusingeupata kamwe bila mzee huyu."

Misumeno ilikuwa imezimwa. Librada alisogea hatua moja pembeni, mbali na Onesimo.

Garrick alimshika mzee bega, akanyoosha kidole kwenye mpasuko.

"Hii ndiyo itakuwa njia ndefu kuliko zote za kutelezea, na tutaiita kwa jina lako. Ubao mkubwa, pale kileleni. Mbele ya watu wako wote, mzee, nakuahidi."