Teke la Tatu

"Ongeza," nilisema.

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya turubai, shati limepandishwa hadi mabegani, shavu limegusa mchanga uliochanganyika na magamba ya samaki. Teke la kwanza lilikuwa la kujaribu. La pili lilinitoa pumzi. Mayu Kashindye alikuwa ameshika mti wa kuanikia nyavu ili asiyumbe, na kisigino chake cha kulia, kipana na kigumu kama tofali, kilikuwa hewani juu ya kiuno changu.

"Ngosha, mawili yanatosha," alisema. Kwetu mwanaume yeyote anaitwa hivyo, kama mwanamke mzima anavyoitwa mayu, yaani mama. "Wote waliokuja hapa nimewapiga mawili."

"Ongeza. Kwa nguvu."

Akapiga.

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka kumi na tisa. Nimezoea kuandika mpaka ulipo, si pale mwenye kiwanja anapotamani uwe. Kwa hiyo naanza na neno hilo, "ongeza", kwa sababu lilitoka kinywani mwangu, na kwa sababu nililificha kwa siku tatu.

Kashindye ni jina ambalo Wasukuma humpa mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Wengi kwetu wanaamini kwamba mtu aliyezaliwa hivyo akikukanyaga au akikupiga teke mgongoni, maumivu ya kiuno yanaondoka. Yeye alikuwa na miaka hamsini na kitu, anaishi kwenye kijiji cha dagaa kando ya ziwa, kilomita thelathini na moja kutoka nyumbani kwangu Mkolani. Hakupokea hela. Ukipona ulimpelekea sukari na sabuni. Mimi nina shahada. Sijui njia yoyote ambayo namna ya kuzaliwa inaweza kuingia kwenye kisigino cha mtu. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama, na niliendelea kujua hivyo nikiwa nimelala pale.

Maumivu yalianza Februari, siku niliyopandisha mashine ya kupimia juu ya mawe nyuma ya Nyakato bila kumsubiri msaidizi. Yalianzia kwenye tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye shavu la mguu na kuishia kidole kidogo. Ilikuwa kama waya wa moto umepitishwa ndani ya nyama, na kila nilipokohoa mtu aliuvuta. Zahanati moja waliniambia ni UTI. Kwingine walinichoma sindano za kutuliza maumivu mpaka tako likaota mabonge. Nilianza kupima muda ninaoweza kusimama kwenye mashine. Machi, dakika kumi na nne. Juni, tisa. Septemba, nne. Mpima asiyeweza kusimama dakika nne hana kazi.

Juni hiyo nilikuwa nimekwenda hospitali kubwa. Daktari aliitwa Dorcas, mwanamke mwembamba asiyepoteza neno. Alinilaza chali, akaunyanyua mguu wangu ukiwa umenyooka. Ulipofika kama nyuzi thelathini nilipiga yowe mpaka mgonjwa wa nje akachungulia mlangoni.

"Kuna kitu kinabana mshipa wa fahamu pale unapotoka kwenye uti wa mgongo," alisema. "Huenda ni diski imechomoza kati ya pingili. Wengi wanapona kwa dawa na mazoezi, bila kisu. Lakini nataka nione picha kwanza." Aliandika fomu ya MRI. "Na nisikilize vizuri. Siku ukishindwa kukojoa, au ganzi ikikushika katikati ya mapaja, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura."

Nilikunja fomu mara nne na kuitia mfuko wa shati. Ilikaa humo miezi minne, ikihama kutoka shati moja kwenda jingine. Mtaani Mirongo nilikuwa nimemwona mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, akitembelea kiti cha magurudumu. Sikuuliza kama kiti kilikuja kabla ya upasuaji au baada. Kwa mtu wa kazi yangu, huo ni uzembe.

Aliyenipeleka kwa Kashindye ni mdogo wangu Luhaga, fundi wa kuchomelea, mtu wa mabega mapana na hasira za karibu. Barabara ya kushuka ziwani ilikuwa mbovu. Gari lilipotumbukia kwenye shimo maumivu yalinipanda hadi kwenye meno, na nikampiga Luhaga ngumi ya sikio. Pete yangu ikamchana. Damu ikashuka shingoni.

Alicheka. "Piga tu, kaka. Kama inapunguza, piga hata la pili."

Shimo lililofuata nilipiga la pili.

Hivyo ndivyo nilivyofika ufukweni, fomu ya Dorcas ikiwa mfukoni. Nilipolala kwenye turubai, pembe za ile karatasi zilinichoma kifuani.

Teke la tatu lilitua saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kibichi kinachovunjwa ndani ya kitambaa. Kisha maumivu yakaondoka. Hayakupungua. Yaliondoka yote, kutoka tako hadi kidole, kama mtu aliyezima jenereta. Machozi yalinitoka, naliandika hilo kwa sababu lilitokea. Luhaga, aliyekuwa amesubiri kwenye gari, alikuja mbio, akarusha kofia juu na kuwapigia kelele wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye mchanga.

"Mmeona? Mmeona? Kaka yangu huyo!"

Kashindye peke yake hakufurahi. Nilikuwa nimeinuka, naye alikuwa anautazama mguu wangu wa kushoto, unavyopiga chini kwa wayo mzima kila nikikanyaga.

Nilitembea hatua kumi na mbili hadi kwenye mawe ili nikojoe. Nilisimama pale. Hakuna kilichotoka. Nilisukuma, hakuna. Nikagusa ngozi ya ndani ya paja, na ilikuwa kama kugusa mguu wa mtu mwingine. Nilimkumbuka Dorcas, neno kwa neno. Nikageuka kurudi, goti likakunjika, na nikaanguka kwa uso juu ya jabali. Jino la mbele lilivunjika.

Luhaga hakuuliza. Kulikuwa na kasia limeegemezwa kwenye mtumbwi. Nilipoweza kuinua kichwa, tayari lilikuwa mikononi mwake.

Nilihesabu. Ni tabia ya kazi. Moja lilitua begani, na Kashindye akapiga magoti. Mbili lilitua kwenye mkono aliouinua, na nilidhani hilo ndilo lililouvunja. Tatu na nne mgongoni, kwa ubapa, sauti yake kama gunia lililojaa linaloangushwa kutoka kwenye lori. Tano lilimpiga sikioni, akalala. Sita na saba alipigwa akiwa chini, na kwenye saba kasia likapasuka. Hakulia kwa sauti. Wanawake ndio waliopiga mayowe, wakitupa reki zao na kukimbia.

Miguu yangu ilikuwa imekufa, lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi. Najua, kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa sauti. Neno moja lingemzuia Luhaga. Ningesema tu, "Teke niliomba mwenyewe." Sikulisema. Sikushikwa na butwaa, na wala sikumwogopa. Nilikuwa na hasira ya miezi minane, na mtu mwingine alikuwa ananifanyia kazi yake.

Aliyemzuia ni Kashindye. Alisema kutoka mchangani, damu ikimtoka sikioni.

"Luhaga. Ndugu yako hakukojoa, nimemwona. Mpeleke hospitali. Mimi utanimalizia kesho."

Luhaga alisimama na kipande cha kasia mkononi, akihema. Halafu akakitupa na kunibeba.

Dorcas aliuliza jambo moja kwanza: ilianza saa ngapi. Nilimwambia. Alinichoma pini mapajani na kuniuliza kama nasikia. Mahali pengi sikusikia. Waliniwekea mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa mara moja. Wakati wa kunivua shati, muuguzi alitoa ile fomu mfukoni. Ilikuwa imechanika kwenye mikunjo. Dorcas aliiunganisha juu ya kitanda, vipande vinne, akasoma tarehe yake mwenyewe.

"Miezi minne," alisema.

Picha ilipigwa saa nane. Saa kumi na moja jioni nilikuwa chumba cha upasuaji. Kipande cha diski walichokitoa kilikuwa na ukubwa wa harage.

Siku ya tatu Luhaga alikuja wodini amevaa shati la kanisani. Alikuwa ameshafungua kesi. Kashindye alikuwa wodi ya chini, amefungwa plasta, yuko chini ya ulinzi kwa kosa la kunijeruhi. Wale wanawake nao walikuwa wamekwenda kituoni na maneno yao. Askari alikuwa njiani kuchukua maelezo yangu.

"We sema tu alikukanyaga ukapooza," Luhaga alisema kwa sauti ya chini. "Si uongo huo, kaka."

"Si uongo," nilikubali.

"Basi."

"Na kasia?"

"Kasia gani?"

Koplo Gladness aliingia na daftari. Nilimwomba karatasi niandike mwenyewe. Niliandika kama ninavyoandika ripoti ya mpaka: mahali, tarehe, saa. Mateke matatu. Mawili alipiga kwa uamuzi wake. La tatu nililiomba mimi baada ya yeye kukataa. Mapigo saba ya kasia, aliyepiga ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilikuwa na uwezo wa kusema na sikusema. Daktari alikuwa ameniandikia kipimo miezi minne kabla, na sikwenda.

Luhaga alikuwa anasoma kutoka pembeni ya kitanda. Sikuinua kichwa, lakini nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Unanifunga kwa kalamu," alisema. "Kwa ajili yako nilipiga. Na wewe ulikuwa unahesabu! Nilikusikia, ulikuwa unahesabu!"

"Nimeandika na hilo."

Alipiga teke meza ya dawa, vyombo vikatawanyika hadi chini ya kitanda cha jirani. Koplo Gladness alimshika mkono. Luhaga angeweza kumrusha dirishani kama angetaka. Hakutaka. Alinitazama mpaka walipotoka mlangoni.

Kashindye aliachiwa. Luhaga alifungwa mwaka mmoja na nusu, akautumikia, akatoka. Siku hizi tukikutana misibani anampa mkono mke wangu Odeta, mimi ananipita.

Mpira wa mkojo ulitolewa baada ya wiki tisa. Mazoezi yalichukua miezi kumi na moja: kunyanyua kidole, kunyanyua wayo, kupanda ngazi tatu, kisha kumi. Yaliuma, ila uliniuma msuli, si mshipa, na tofauti hiyo nilijifunza kuipenda. Sasa nasimama kwenye mashine saa nzima. Kidole kidogo cha kushoto hakijarudi, na Dorcas anasema hakitarudi.

Mwaka jana nilikwenda ziwani. Nilipeleka kilo tano za sukari na mche wa sabuni. Kashindye alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliogeuzwa, anachambua dagaa. Mkono wake wa kulia uliunga vibaya. Kiwiko kinatazama nje.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mguu?"

Nilimwambia yote, pamoja na kidole.

"Bado wanakuja?" niliuliza.

"Wanakuja. Nawauliza kama wanakojoa. Akisitasita, namwambia aende kwa yule daktari wako. Wengine wananitukana, wanasema nimeringa." Alitupa dagaa mmoja aliyeoza pembeni, kunguru akamdaka. "Mahakamani walinisomea karatasi yako. Uliandika saba."

"Saba."

"Manane, ngosha." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemrekebisha mwanafunzi mzuri. "La kwanza hukuliona, uso wako ulikuwa bado kwenye jabali. Hilo ndilo lililovunja mkono."

Nilirudisha mambo nyuma, hatua kwa hatua: goti, jabali, jino, kichwa kikiinuka. Ilikuwa kweli. Kulikuwa na sekunde mbili au tatu ambazo sikuzihesabu.

Kwenye jalada la polisi imebaki saba. Hapa naandika nane.

Nilimpa sukari. Aliipokea kwa mkono wa kushoto.