Sindano ya Kulegezea Waya

Mshonaji hakuwa mwizi, lakini kila asubuhi mumewe akiingia bafuni alinyata hadi sebuleni kama mwizi kabisa. Alikuwa akifika kwenye meza ndefu yenye reli za kuchezea, anakipindua kichwa cha treni, na kwa ncha ya sindano yake ya kushonea vifungo anauchomoa waya mmoja mwembamba kutoka chini ya skrubu yake. Waya ukilegea, umeme wa relini haufiki kwenye mota. Kisha huyo, anarudi jikoni anaimba, macho makavu!

Msimlaumu kabla hamjasikia. Mumewe alikuwa fundi wa karakana ya reli hadi alipostaafu, na treni ile ndogo aliiunda mwenyewe kwa raha zake. Jioni, kwa kuwa macho ya mkewe yalikuwa yameanza kumtupa mkono, mzee ndiye aliyekuwa akimtilia uzi sindanoni. Basi kiharusi kikaja, kikauacha mkono wake wa kulia umelala tu pajani. Mtaalamu wa mazoezi akampa kimpira awe anakibana.

"Mimi?" mzee aling'aka. "Nibane mpira kama mtoto mchanga?"

Kimpira kikaishia chini ya kiti. Na mtaalamu alishasema wazi kwamba mkono usipofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo, huenda usirudi tena. Mshonaji alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wapi!

Siku moja treni ikazima yenyewe kwenye kona. Mzee akaikodolea macho, akasonya, akaagiza bisibisi. Alihangaika nayo asubuhi nzima, mkono wa kushoto ukifanya kazi, wa kulia ukishikilia tu, tena vibaya. Lakini ulishikilia! Mshonaji aliviona vidole vile vikijikunja, akajifanya anatafuta mkasi ili asilie mbele yake. Kumbe fundi hawezi kuacha kitu kibovu mezani. Basi na kiharibike, akajisemea.

Ndivyo ilivyoanza. Leo waya wa mbele, kesho wa nyuma.

"Nyumba hii ina jini!" mzee alifoka. "Kitu nikikikaza mimi, kimekazika!"

"Labda umezeeka, baba watoto."

"Nani kazeeka?"

Na kwa hasira hiyo hiyo bisibisi ikahamia mkono wa kulia. Skrubu zilianguka, akaziokota, zikaanguka tena, akamgombeza mkewe eti anamkingia mwanga. Asante ya punda ni mateke, mshonaji aliwaza, na moyoni alishukuru kila teke.

Sasa usiku mmoja mshonaji alilala na homa. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshapanda na mzee ameshaoga zamani. Akakurupuka hadi sebuleni. Treni ilikuwa inazunguka, inanguruma vizuri, haina kasoro hata moja. Mzee amekaa kando ya meza, kamkazia mkewe macho.

"Mama watoto, mbona treni inatembea?"

"Si... si ndivyo inavyotakiwa?"

"Nimekaa hapa tangu nitoke bafuni, nangoja nitengeneze, hakuna cha kutengeneza. Leo umeamua kuninyima kazi?"

Mshonaji hakujua auweke wapi uso wake. "Umejua lini?"

"Tangu mara ya pili. Waya ukilegea wenyewe hauachi mkwaruzo wa sindano. Miaka yote ile karakanani, nisijue hilo?"

"Na jini je?"

"Jini nilimsingizia tu, kama wewe ulivyosingizia uzee wangu. Ningekwambia najua, ungeona haya, ungeacha. Nami nilikuwa sitaki uache." Akaizima treni. "Hebu lete hiyo sindano."

Ilikuwa imechomekwa kifuani pa gauni lake, mahali pake pa siku zote. Akaichomoa akampa, akidhani anataka kumfundisha kulegeza waya bila kuukwaruza. Lakini mzee alivuta kibunda cha uzi kilichokuwa juu ya cherehani. Akakata kipande kwa meno, akakilowesha ncha mdomoni. Sindano akaishika kwa kushoto. Uzi akaushika kwa kulia.

Akalenga tundu. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Mshonaji akanyoosha mkono amsaidie.

"Usiniguse!"

Akarudi nyuma. Mzee akautoa ulimi kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, akasogeza, akasogeza, na uzi ukapenya kwenye tundu. Akauvuta, akafunga fundo kwa vidole vya mikono yote miwili, akamkabidhi mkewe.

"Asante kwa kuniharibia," akasema.

Mshonaji aliipokea sindano ile kwa mikono miwili, akalia pale pale mbele yake, bila kutafuta mkasi.

"Na kesho," mzee akasema, "legeza wa nyuma. Huo wa mbele nimeuchoka."